Bibi Harusi Aliyesubiri Kukaripiwa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Aliye nyuma avute mkeka, aliye mbele asinikanyage miguu. Nina fumbo, na jibu lake sikuja nalo. Mtalitafuta nyinyi.

Katika nyumba ya mfalme wa bonde la Sanja waliishi watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Dariye, binti wa mfalme, msichana asiyeishiwa na utani. Mimi na wewe tukisikia mtu anatembea, tunasikia vishindo tu. Dariye alisikia maneno. Nyayo zilimwambia lile ambalo mdomo umelificha. Lakini kwa Wasanja ni aibu kubwa kusikiliza nyayo za watu waliooana. Kwa hiyo kaka yake Lubango alipooa, Dariye alijiziba masikio kwa nta kidogo, ya kuzima nyayo na kuacha sauti.

Wa pili ni Kapera, mjomba wake. Neno likiingia sikioni mwa Kapera halikutoka tena, na akitaka aliweza kulisema kwa sauti ileile ya aliyelisema: ya mzee, ya mtoto, hata ya mbuzi.

Wa tatu ni Bi Ntimba, mke wa mfalme na mama yake Dariye. Yeye aliotesha kwa ulimi. Aliinama bustanini, akaiambia mbegu, "Amka, mwanangu," na mbegu ikaamka. Maboga yake yalilisha majirani wote. Ila neno moja tu la ukali lingekausha vyote alivyootesha, kwa hiyo hakuwahi kulisema.

Sasa, juu ya bonde la Sanja kuna mlima Tefe, na mpakani kuna chemchemi. Watefe waliiita Mama, kwa kuwa iliwanywesha. Wasanja waliiita Binti, kwa kuwa ilizaliwa kwao. Walipigania maji, wakapigania na jina, mpaka wakachoka kuzika. Wafalme wawili wakakubaliana: Nakuti, binti wa mfalme wa Tefe, aolewe na Lubango. Mwezi mpya ukiandama, Nakuti asimame kwenye chemchemi na kusema mbele ya watu wote, "Sanja ni kwetu." Hapo vita vitakuwa vimekwisha.

Lakini chemchemi ile haikuwa maji ya kuchezea. Likisemwa neno la uongo mbele yake, maji yalirudi ardhini na hayakutoka tena. Na bila maji yale, bonde na mlima vyote vingekufa.

Nakuti akaja na vigelegele. Akaingia ndani, akaketi, akanyamaza.

Siku ya kwanza watu walisema, "Ana haya, maskini." Siku zilizofuata hawakujua la kusema. Nakuti alitabasamu, alitwanga, alichota maji, lakini neno halikumtoka.

Halafu mambo ya ajabu yakaanza. Nakuti alipika ugali, akauacha ukaungua mpaka paka akatoka jikoni. Kwa desturi ya Wasanja, bibi harusi husifiwa tu mpaka yeye mwenyewe aanze kusema, na anayemtolea neno kali ni kama amemfukuza. Kwa hiyo Bi Ntimba alimega tonge jeusi, akasema, "Mwanangu, unanukia moshi kama sikukuu."

"Mtamu," alisema Lubango, akameza kwa shida.

"Wifi, mtamu mpaka machozi yananitoka," alisema Dariye, na kweli yalimtoka.

Kesho yake Nakuti alitia chumvi kwenye uji, konzi nzima. Wakamsifu. Alifagia vumbi kuelekea alipoketi mfalme. Mfalme akapiga chafya, akafuta pua, akasema, "Ahsante, mkwe wangu. Chafya hii ilikuwa imenikwama tangu juzi." Nakuti alimtazama kwa macho ya huzuni, akaenda zake kuegemea ukuta. Akaanza kukonda.

Nje, watu walianza kunong'ona. Huko Sanja, anayekula kwako bila kusema nawe anahesabiwa kuwa anakagua mikuki yako. Vijana wakaanza kuinoa ile iliyokwisha kufungwa darini. Na mwezi ulibaki kipande chembamba.

Asubuhi moja Dariye alimwona wifi yake akienda kwenye jiwe la kusagia huku machozi yakimdondoka. Alisimama kidogo. Kisha akaitoa nta masikioni, ya kulia na ya kushoto, akasikiliza.

Nyayo za Nakuti zilisema, "Nikaripieni. Jamani, nikaripieni."

Dariye akakimbia ndani. "Mama! Wifi anataka kugombezwa!"

Bi Ntimba akashika kiuno. "Dariye, umesikiliza nyayo za mke wa mtu? Huna haya?"

"Sina, mama. Leo sina."

Habari ikatoka. Tangu siku ile watu wakimpita Dariye walinyata, na mashoga zake wa kisimani wakachagua njia nyingine. Yeye alicheka, lakini alirudi na mtungi wake peke yake.

Bado hakuna aliyeelewa. Mtu anataka kugombezwa? Kwa nini?

Kapera alikuwa kibarazani akisuka kamba. Aliposikia neno lile, kamba ilimwanguka. Wakati wa vita Kapera alitekwa, akachunga mbuzi Tefe kwa miaka mingi. Aliporudi, watu walimnyooshea vidole: "Huyo ameshakuwa Mtefe." Basi alizifungia sauti zote za mlimani kifuani, hakuitoa hata moja.

Siku hiyo alifungua mdomo, na ikatoka sauti ya bibi kizee wa Tefe: "We msichana! Mkono wako una mafuta? Chungu cha pili hicho!" Ikafuata sauti ya msichana akicheka, kisha vigelegele vya kijiji kizima.

"Hiyo ni harusi," alisema Kapera kwa sauti yake. "Huko mgeni hakaripiwi. Mgeni akivunja chungu, anaambiwa si kitu. Anayekaripiwa ni mtoto wa nyumbani. Bibi harusi hufunga mdomo mpaka mama mkwe amkaripie, na haruhusiwi kuomba. Karipio la kuombwa halihesabiki, na la kuigiza pia halihesabiki."

Bi Ntimba akakaa chini. "Na sisi tukamsifu."

"Ndiyo, dada. Kila tulipomsifu tulimwambia: wewe ni mgeni, kwenu ni kule."

Nje ya ua mtu mmoja aliyeisikia ile sauti ya mlimani akapaza yake: "Kapera Mtefe! Nilisema mimi!" Kapera akaiokota kamba yake, akaendelea kusuka.

Basi likabaki la Bi Ntimba. Alimwita Nakuti, akakunja uso, akakohoa. "Mwanangu mpendwa... huu ugali... yaani, kwa kweli... umekonda, kula kidogo." Dariye akaangua kicheko. Akajaribu tena jioni, ikawa vibaya zaidi: alimaliza kwa kumpa asali. Hakuwa na hasira, na hasira haichotwi kwa kata.

Ikafika siku ya mwezi mpya. Asubuhi mvua ikashuka ghafla. Bi Ntimba alikuwa ameanika mtama uani, akatoka mbio kwenda kuuanua. Akamkuta Nakuti ameshatangulia, peke yake, amelowa chapachapa, anatetemeka, anavuta mkeka mzito kwenye matope. Safari hii hakuwa akitafuta kugombezwa. Alikuwa anaokoa mtama tu.

Neno likamfika Bi Ntimba kwenye meno. Siku zote angelimeza. Aliitazama bustani yake, maboga yamejaa, maua ya njano yanapokea mvua. Akakumbuka nyayo alizozisikia Dariye na ile sauti ya Kapera. Akaliachia.

"We Nakuti! Una wazimu? Mtama na wewe kipi kinaugua? Mwili wenyewe umebaki kama ufagio, unatoka kwenye mvua bila hata kanga kichwani! Ukilala homa nani atakaa na wewe usiku, si mimi? Ingia ndani! Ingia, nisikuone!"

Nyuma yake majani yalikunjamana, mashina yakalegea, maboga yakasinyaa moja baada ya jingine. Bi Ntimba hakugeuka. Alikuwa anamtazama Nakuti, aliyesimama kwenye matope akilia na kucheka pamoja.

"Nisamehe, mama," alisema Nakuti. "Siku nyingine nitajifunika."

Mchana ule kwenye chemchemi, mbele ya Watefe na Wasanja, Nakuti alisema, "Sanja ni kwetu." Watu wakayatazama maji bila kupumua. Maji yakaendelea kububujika. Vijana wakaitazama mikuki yao kama watu waliobeba mwamvuli siku ya jua, wakaiweka chini.

Wafalme wakafurahi, wakasema, "Aliyeokoa ndoa hii ataipa chemchemi jina. Si Mama tena, si Binti. Litakuwa jina moja, na wote tutaliita hilo."

Bi Ntimba alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu wa kwanza, Sheuli, aliuawa hapa vitani. Ningependa aitwe kila mtu anapokuwa na kiu. Bustani yangu imekwisha, sina pengine pa kumpanda."

Kapera akasema, "Nilipokuwa mateka, bibi mmoja wa Tefe aitwaye Mandoa alinipa maziwa kila asubuhi. Ndiye aliyekuwa na ile sauti. Kwetu sikuwahi kuthubutu kumtaja. Ningependa atajwe hapa."

Dariye akasema, "Mimi ningeiita Karipio. Watoto wakiuliza kwa nini, watasimuliwa kicheko badala ya vita. Na labda mashoga zangu watarudi kuchota nami."

Wafalme wakatazamana. Bila Dariye, nani angejua? Bila Kapera, nani angeelewa? Bila Bi Ntimba, nani angelisema lile neno? Wakaona heri wamuulize Nakuti, maana yeye ndiye wa nyumba zote mbili.

Nakuti akamtazama wifi yake, akamtazama mjomba, akamtazama mama mkwe wake. Akanyamaza.

"We Nakuti!" alisema Bi Ntimba. "Umemeza jiwe? Watu jua linawachoma hapa. Sema!"

Watefe wakapiga vigelegele, na Wasanja, ambao sasa walijua maana yake, wakapiga pia. Nakuti akacheka, akachovya mkono kwenye maji, akafungua mdomo.

Hapo ndipo ninapomwacha. Kumbukeni kwamba maji yanasikiliza, na neno litakalotamkwa lazima liwe la kweli. Haya, wewe uliyekaa pale, na wewe unayejificha nyuma ya dada yako: mkono wako umo majini, na wote watatu wanakutazama. Ungetaja jina la nani?