Karibu Kabla ya Hodi

Wewe uliyeificha simu chini ya kitenge, itoe tu. Leo sikukatazi. Mfano wangu unaanzia humohumo kwenye simu, na tukifika katikati kama hamjacheka, nishusheni hapa mbele nikakae na watoto wa shule ya Jumapili.

Kulikuwa na dada mmoja, akiishi na mama yake kwenye mtaa unaofanana na huu wetu. Nyumba ya bati jekundu, uani banda la kuku. Huyo mama aliteleza bombani akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani. Nyonga ilivunjika, mdomo ukabaki mzima. Kina mama wa namna hiyo mnawajua. Wengine wamekaa safu ya pili hapo na wananikodolea macho.

Sasa dada wa watu angekwendaje kazini? Nani amgeuze mama? Nani ampe uji? Alikuwa na kaka yake mjini, na kaka alikuwa ameshatoa hukumu kwa simu kama hakimu: "Pasaka ikifika hujapata kazi, shangazi anakuja kumchukua mama akamtunze kwake Singida. Na wewe utoke hapo ukatafute maisha." Mama hakuitaka Singida hata kwa kuota. Yeye na huyo shangazi, yaani wifi yake, hawajawahi kusalimiana vizuri tangu siku ya harusi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa sufuria.

Kwa hiyo dada akaanza kutafuta kazi ya kufanyia nyumbani.

Ni nani hapa hajawahi kuliona lile tangazo? Fanya kazi ukiwa nyumbani, ukiwa kwenye kochi, ukiwa umelala. Inueni mikono tuonane. Haya, mzee wa kanisa naye kainua nusu. Tunakusamehe.

Dada hakukaa sana, meseji ikaingia: "Hongera, umechaguliwa. Karibu kwenye familia yetu." Kazi yenyewe ni kubonyeza dole gumba kwenye video za watu. Kazi ya kidole kimoja, mshahara wa mikono yote. Ila kwanza tuma ada ya usajili. Dada akaitazama cherehani yake pale dirishani, cherehani ikamtazama. Akaiuza. Ada ikaenda. Kazi haikuja. Akauliza, akaambiwa kuna ada nyingine ya kuifungulia ile ada ya kwanza. Akauliza tena, familia ikamfungia namba asiwapate kabisa.

Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda cha mama, kichwa chini. Mama akamwacha alie kidogo, halafu akamuuliza.

"Mwanangu, kwenye hiyo nyumba ulipiga hodi saa ngapi?"

"Mama, huko mtandaoni hakuna hodi."

"Nakuuliza uliwaomba kazi?"

"Sikuwaomba. Walinitafuta wenyewe."

"Sasa fikiri. Unapita zako njiani. Hujabisha, hujakohoa, hujasalimia mtu. Mtu yuko ndani ya nyumba usiyoijua anapaza sauti: karibu, karibu, ingia ndani. Utaingia?"

"Nitaongeza mwendo."

"Basi huko kwenye simu mbona ulivua na viatu?"

Dada akacheka huku machozi hayajakauka. Kuanzia siku ile, maneno ya mama yakawa sheria ya nyumba. Meseji ikija na karibu yake, dada anajibu kwa upole, swali moja tu: "Nimepiga hodi saa ngapi?" Matapeli walikuwa wanapotea kama mende taa ikiwashwa. Na ile milango aliyobisha yeye mwenyewe, ya kweli kabisa, ilimjibu "tutakupigia". Mnaijua hiyo "tutakupigia". Wengine mmeisubiri mpaka mkabadilisha laini.

Lakini tuliache hilo kidogo, twende bandani. Maana kule nyuma, kabla ya mambo ya cherehani, dada alikuwa ameagiza vifaranga. Aliagiza mitetea, kuku wa mayai, kutoka kwenye kituo kimoja cha kutotolesha vifaranga. Gari la kituo likayaleta maboksi mpaka mlangoni. Akavilea kwa mkaa, kwa dawa, kwa maombi. Vikakua, vikapendeza. Asubuhi moja mmoja akawika. Dada akasema, sawa, mmoja amechanganyika. Wa pili akaitikia. Halafu banda zima likapokea kiitikio.

Akapiga simu kituoni. Na hapa msikilize alivyolalamika, maana wengi wetu tukidhulumiwa tunatukana mpaka tunasahau tulichopigia simu.

"Shikamoo," alisema. "Mimi mteja wenu. Niliwaagiza mitetea, mmeniletea kwaya ya wanaume."

"Unasemaje, dada?" Sauti upande wa pili ilikuwa ya mama mtu mzima.

"Ni majogoo watupu. Kila alfajiri wana mazoezi. Besi wapo, tena wazuri, soprano hakuna hata mmoja. Na mimi nasubiri mayai."

Yule mama akacheka mpaka akakohoa. Akaomba radhi, akasema boksi lilibadilishwa, watalishughulikia. Dada akamwambia, "Najua mna wateja wengi na gari ni moja. Usiniambie kesho kama si kesho. Niambie ukweli, nitasubiri." Yule mama akasema hajui lini. Dada akamshukuru, wakaagana vizuri. Wiki zikapita, kwaya ikaendelea kuimba, dada akasahau.

Sasa njooni kwenye wiki ya Pasaka. Shangazi ameshatuma salamu kwamba yuko njiani. Dada anaosha vyombo uani, simu inaita, namba ngeni.

"Habari za saa hizi, dada. Tunatafuta mtu wa kupokea simu za wateja wetu, na kazi hii utaifanya hukohuko nyumbani kwako. Nimekufikiria wewe. Karibu sana ufanye kazi na si..."

"Nimepiga hodi saa ngapi?"

"Samahani?"

"Nimekuuliza, mama. Kama ni mama kweli, maana siku hizi hata kina baba mnabana sauti. Mimi nilibisha kwako lini mpaka unanikaribisha? Unanijua? Tumekula pamoja wapi?"

"Dada, nisikilize kidogo, mimi napiga kutoka kwenye kitu..."

"Kitu gani? Kitu mlishachukua. Mimi sina tena cha kuuza, nimebaki na majogoo, na hao siwatoi. Kazi utafute wewe, utoke kwenye kulaghai wagonjwa na wauguzi wao. Siku njema na Mungu akuokoe."

Na mama huku chumbani, dirisha liko wazi, akachangia kwa sauti yake yote: "Mwambie na cherehani airudishe."

Dada akakata. Akaifungia ile namba. Akaingia chumbani, mama akampa mkono kama wanavyopeana wachezaji baada ya goli. Siku ile wakala wali, maana wamemshinda tapeli. Niambieni, walikosea wapi? Si walifuata somo? Hapa tulipo kuna mtu anasema, ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Ndiyo. Wewe na mimi.

Jumamosi kabla ya Pasaka, shangazi akafika. Hakukaa hata kwenye kiti. Chai ikaletwa, akasema ataikuta ya baridi, kwanza afungashe. Akafungua sanduku la mama, akaanza kutoa kanga na kuzipanga kwenye begi lake, moja baada ya nyingine, na kila kanga anaiuliza swali. "Hii nayo bado unaivaa, wifi?" Mama amegeukia ukutani. Dada amesimama mlangoni mwa chumba, ameshika fremu, anaona maisha ya mama yake yanakunjwa kama nguo. Kazi hana. Pasaka ni kesho.

Ndipo sauti ikatoka nje.

"Hodi wenyewe."

Hodi ikapigwa tena. Ni mama, bado ameangalia ukuta, aliyeuliza kwa sababu mdomo ulizoea, "Nani?"

"Ni mimi. Yule mwizi."

Shangazi akaiangusha kanga. "Mwizi gani anapiga hodi mchana?"

"Yule mliyemwambia arudishe cherehani."

Dada akatoka mbio. Nje amesimama mama mmoja mtu mzima, jasho linamtoka, kilemba kimekaa upande, na nyuma yake gari la kubebea vifaranga. Miguuni kwake boksi kubwa lenye matundu, na ndani ya boksi kitu kinatetea kwa sauti nyembamba ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia.

"Nimekuletea soprano," alisema.

Dada akashika kichwa. Uso hakuwahi kuuona, lakini sauti ile akaitambua. Ndiye yule wa kituoni, aliyecheka mpaka akakohoa. Ndiye pia aliyepiga juzi akatukanwa kwa heshima zote.

"Mama, ni wewe? Mbona hukujitambulisha?"

"Ulinipa nafasi? Nilifika kwenye 'kitu' ukanikata. Nikapiga tena, umenifungia. Wanangu pale kituoni wakaniambia, mtafute mwingine. Nikawaambia, mtu anayedhulumiwa akalalamika bila kutukana, na anayelinda mlango wake hivi, huyohuyo ndiye namtaka anilindie simu yangu. Njia ya kufika hapa tunayo, si ndiyo tuliyowaletea ile kwaya?"

Akaingia, akamsalimia mama kitandani, shikamoo, marahaba, pole na nyonga. Akatoa hedifoni mpya kwenye mkoba. Akatoa mkataba, akauweka mezani. Dada hakuugusa. Cherehani ilikuwa bado inamuuma.

"Na ada ya usajili?" aliuliza polepole.

"Ada ya nini?"

"Ya kuanza kazi."

"Mwanangu, wewe ndiye unayefanya kazi. Mimi ndiye ninayelipa. Nani alikufundisha hilo kichwa chini miguu juu? Chukua, soma. Mpe na mtu mwingine asome. Kesho kutwa njoo utuone tulipo, uulize kila mtu unayemtaka. Sina haraka ya sahihi yako."

Pale ndipo mama kitandani alipogeuka kutoka ukutani. Alijigeuza mwenyewe, hakuna aliyemshika.

"Wifi," alisema, "rudisha kanga zangu sandukuni. Na uzikunje ulivyozikuta."

Shangazi akazikunja. Chai yake ikapashwa moto, safari hii akaikalia kitini, akanywa na kuongeza. Pasaka akala nao, na tuseme ukweli, besi mmoja aliiacha kwaya siku ile. Mpaka leo ukipiga simu kituo kile kuagiza vifaranga, anakupokea dada mmoja mchangamfu, na nyuma yake utasikia majogoo wakiimba, na sauti ya mama akiwaambia wanyamaze, mtu yuko kazini.

Sasa nyie wa mbele wenye madaftari, nimewaona. Mmeshaandika: anayesema karibu kabla ya hodi ni mwizi. Mmepigia na mstari. Futeni nusu. Mimi niliyeishia darasa la sita nimeiona hiyo nusu, nyie wenye vyeti imewapitaje?

Ni kweli, matapeli wanakaribisha mapema. Ukitafuta kazi, kaa macho, uliza, na usilipe ili uajiriwe. Hilo limeisha, nendeni nalo nyumbani. Lakini kuna mwingine naye anakaribisha kabla hatujabisha. Alituita tukiwa uani na vyombo vyetu vichafu, hatujaomba, hatujastahili, hata jina lake hatulijui vizuri. Na sisi tulimjibuje? Sisi tulishaumizwa na karibu za uongo. Karibu ya mchumba aliyekuja kuchukua akaondoka. Karibu ya ndugu aliyetaka shamba. Ndiyo, na karibu ya mhubiri aliyesema tupa kwanza sadaka hapa ndipo uone muujiza. Kwa hiyo Mungu aliposema karibu, tukamuuliza tumepiga hodi saa ngapi. Tukamwambia arudishe cherehani aliyoiba mtu mwingine. Tukamfungia namba, tukapeana mikono, tukala wali.

Je, alinuna? Je, alitafuta mwingine?

Tapeli anakuita uende kwake mikono imejaa, urudi mitupu. Ukimkatalia, hamjuani tena. Huyu ukimkatalia anafunga safari. Anakuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako, jasho linamtoka, amebeba kile ulichokuwa unakililia, na mwenye nyumba kubwa ndiye anayesimama nje akisubiri wewe useme karibu. Hakuombi ada. Anakwambia soma, uliza, njoo uone ninapokaa. Na anafika siku ileile ambayo kanga za maisha yako zinakunjwa na mtu mwingine.

Ndugu zangu, sisi hatukosi kuitwa. Sisi tumezuia namba.

Wewe wa kitenge, sasa simu unaweza kuizima. Yule uliyemfungia hapigi tena. Yuko mlangoni, na nadhani umeshamsikia anasema nini.

Hodi wenyewe.