Faraja Sanga Wawili, Nafasi Moja

Isome taratibu, kisha mtumie mwalimu mmoja unayemheshimu.

Shule moja ya sekondari kule Makete ilikuwa na wasichana wawili wa kidato cha nne walioitwa Faraja Sanga. Mmoja alikuwa binti wa mwenyekiti wa bodi ya shule. Mwingine alikuwa yatima aliyelelewa na shangazi yake.

Mwalimu Ambwene ndiye aliyetunza kanzidata ya shule. Jedwali moja lilikuwa la wanafunzi, jingine la alama zao, naye aliyaunganisha kwa majina. Siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa, mfumo ukadhani jina limejirudia. Ukamfuta Faraja mmoja pamoja na alama zake. Na bila alama, hakuna kusajiliwa.

Ilibaki nusu saa usajili ufungwe. Mkuu wa shule alisimama nyuma ya Ambwene, jasho likimtiririka.

"Aliyebaki ni yupi?"

"Sijui, Mkuu. Zilizobaki ni alama za juu sana. Tuwapigie simu walimu wa masomo?"

"Hakuna muda! Andika ni binti wa mwenyekiti. Huyo mwingine atafanya mwakani."

 Ambwene alikuwa mwalimu wa mkataba, na mwenyekiti ndiye aliyeusaini. Hata hivyo akainuka.

"Ngoja niwaulize wenyewe."

"Nani atakayekubali kwamba alama nzuri si zake?"

Wakaitwa, wakaelezwa. Yatima akashika ukingo wa meza. Binti wa mwenyekiti akaitazama skrini.

"Hizi si zangu, Mwalimu," akasema. "Fizikia sijawahi kuvuka thelathini. Huyu ndiye anayenifundisha bwenini. Msajilini yeye."

"Unajua utakosa mtihani?" Mkuu akauliza.

"Najua. Baba nitamwambia mwenyewe."

 Mkuu akatoa simu yake mfukoni, akaanza kuwapigia walimu wa masomo mmoja mmoja wamsomee alama zilizofutwa.

Ambwene akampa kila Faraja namba yake, akayaunganisha majedwali kwa namba badala ya jina, akawa anaingiza alama kadiri zilivyosomwa simuni. Akatuma. Mtandao ukasuasua, ukakwama, ukarudi. Majina yote mawili yakapokelewa usajili ukikaribia kufungwa.



Funzo: Mfumo hutunza jina, lakini haumjui mwenye jina. Kabla hujamfuta mtu kwa kusema hakuna muda, jiulize kama muda ungepatikana iwapo angekuwa mwanao.