Dereva Aliyeteremka Fri

Wekeni kidole kwenye ukurasa wa Biblia tuliosoma, msiufunge. Nataka niwapeleke barabarani kidogo, kisha tutarudi hapo hapo. Na ninyi wa benchi la nyuma, mnaochungulia simu kila nikianza mfano, leo nivumilieni. Mfano wenyewe una gari ndani yake.

Kulikuwa na chama kimoja cha wafugaji, huko milimani kama huku kwetu. Kila asubuhi walizunguka na pikapu kukusanya maziwa, wakayamimina kwenye tangi lililofungwa juu ya tela, pikapu ikavuta tela hadi ng'ambo ya bonde, kwenye kituo chenye mtambo wa kupoza. Barabara yao mnaijua hata kama hamjaipita. Unateremka, unateremka, unavuka daraja, halafu unaukuta mlima unakusubiri. Maziwa yasipofika kabla ya saa nne yanachacha, na yakichacha, nyumba arobaini zimekamua bure.

Pikapu yao ya dizeli ilikuwa imekwisha kabisa. Mwenyekiti wao, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akawashawishi wanunue pikapu ya umeme. Lo, kelele zilizopigwa siku ile! Mzee mmoja akasimama. "Mama mwenyekiti, hilo gari halingurumi. Kitu kisichonguruma kitavuta nini?"

"Mzee wangu," akajibu mama, "maksai wako akivuta plau, huwa ananguruma?"

Watu wakacheka mpaka mzee akakaa. Gari likanunuliwa.

Siku ya kwanza, dereva alikuwa yule yule wa dizeli. Naomba tusimwonee. Hakuwa mlevi wala mzembe. Miaka ishirini ameshika usukani na hajagonga hata kuku. Akateremka vizuri, akavuka daraja, akaanza kupanda, na zikiwa zimebaki kona tatu tu afike juu, gari likapunguza mwendo, likasimama. Chaji imekwisha. Trekta lilikuja kulikokota saa saba mchana, jua la utosini, na tangi lilipofunguliwa kila mtu aligeuza uso kwa ile harufu. Akina mama walioamka alfajiri kukamua walisimama wakatazama maziwa yao yakimwagwa mtaroni. Inauma, jamani.

Kwenye kikao sasa ndipo maneno yakatoka. Yule mzee wa kunguruma akawa wa kwanza. "Nilisema mimi! Gari hili ni la kumpeleka bibi harusi kanisani. Kazi ya tela haliwezi!" Dereva naye, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mimi nashauri tupunguze mzigo. Tubebe nusu tangi."

Mama mwenyekiti akainuka. "Na nusu nyingine anywe nani? Kesho tangi linajaa, na mimi nakaa kiti cha mbele. Maziwa yakichacha tena, gari liuzwe, na uenyekiti wenu mchukue."

Msidhani hakuwa na hofu. Alikuwa nayo tele, na alikuwa hajui kosa liko wapi. Alijua tu kwamba mtu hakati shauri kuhusu kazi ambayo hajaiona ikifanyika kwa macho yake.

Kesho yake wakakusanya maziwa, tangi likajaa. Walipofika mwanzo wa mteremko, mama akatazama namba ya chaji mbele ya usukani. Thelathini na nne kwa mia, nyingine imeliwa na mzunguko wa kukusanya. Gari likaanza kuinamia bonde, na hapo hapo akauona mkono wa dereva ukisogea kwenye gia, taratibu, kwa mazoea, kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani.

"Baba, mkono wako umefanya nini hapo?"

"Nimetoa gia, nimeweka fri, mama. Nimeliachia liserereke lenyewe."

"Kwa nini?"

"Nabana chaji. Mteremko hauhitaji nguvu. Tuitunze, tukaitumie mlimani."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama, kuna dereva asiyejua hilo?"

Mzee Kyando hapo benchi la mbele, naona unatazama viatu vyako. Wewe lori umeendesha miaka mingapi? Na milima yetu hii umeishuka fri mara ngapi, breki zinanuka, unajisifu umebana mafuta? Haya, nakuacha. Wote humu tunakupenda.

Basi mama akakumbuka kitu. Yule aliyewaletea gari aliwaambia kwamba likiteremka likiwa kwenye gia, magurudumu yenyewe hurudisha umeme ndani. Wao walicheka. Walidhani ni maneno ya mtu anayetaka kuuza. Na dereva wetu, mtu wa uzoefu, hakuona haja hata ya kujaribu.

"Rudisha gia," mama akasema.

"Litatukwamia mlimani, mama. Tangi limejaa."

"Baba, nimesema rudisha."

Akarudisha. Gari likajizuia lenyewe, kama limeshikwa mkia. Kwa kitambo kidogo hakuna kilichotokea. Kisha dereva akatazama ile namba, akafumba macho akafumbua, akaitazama tena. "Thelathini na tano," akasema. Kona mbili mbele, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Thelathini na saba. Mama, inapanda! Tunashuka, na yenyewe inapanda!"

Walivuka daraja ikiwa arobaini na moja. Wakaukabili mlima. Wakazipita zile kona tatu za jana, jasho likimtiririka dereva puani, na wakaingia kituoni saa tatu na nusu wakiwa na tano. Tano tu, ndugu zangu! Siwadanganyi kwamba walifika wameshiba. Gari lile usilitume na tela mpaka pwani bila kusimama njiani kuchaji, na mama mwenyewe alilisema hilo kikaoni. Lakini kazi waliyolinunulia, lilifanya. Maziwa yakapimwa, yakakutwa mazima.

Dereva hakushuka. Alikaa mikono kwenye usukani. "Mama," akasema, "jana niliomba tupunguze mzigo. Kumbe ule mzigo ndio uliokuwa unasukuma magurudumu huko chini. Ungekuwa mwepesi, ungenirudishia kidogo. Nimeulaumu mzigo, na mzigo ulikuwa tayari kunijazia. Mkono wangu ndio ulioukatalia."

Mmemsikia? Mkono wangu. Hakusema gari, hakusema mlima.

Sasa sisi. Mlimani wote tunajua kuomba. Mtoto akilazwa, nani hapigi magoti? Mimi nawauliza habari za mteremko. Mtoto amepona, mahindi yamekubali, nyumba ina amani. Hapo mkono wako unafanya nini? Unasogea taratibu kwenye fri! "Ngoja nipumzishe maombi kidogo. Kwaya nitarudi mwakani. Kumtembelea yule mgonjwa, wapo wengine." Unasema unabana nguvu. Nguvu gani? Hujabana kitu. Umeipita njia nzima ambayo Mungu alitaka kukujazia, na daraja likivukwa unaanza kumlalamikia kwamba mlima umekushinda.

Na wewe dada, uliyekuja na mzigo wako leo, unayemwogesha mama mkwe kila asubuhi na kumlisha, ambaye juzi ulikuja ofisini ukaniambia, "Mchungaji, niombee upungue." Nilikuombea, na nitaendelea. Lakini leo naomba na jingine. Naomba mkono wako usiachie gia. Yako mambo unayojazwa hapo, subira hiyo, upole huo, ambayo siku yako ya mlima utayatafuta na kuyakuta yamo ndani. Sisemi mzigo ni mtamu. Nasema usiubebe bure.

Kanisa letu hili liko juu. Nikimaliza hapa, kila mmoja wetu atateremka kwenda kwake, na wengi wiki hii ni wiki ya mteremko, wala si dhambi kuifurahia. Furahini. Ila angalieni mkono.

Sasa fungueni pale mlipoweka kidole. Na kama kuna aliyekitoa wakati nazungumza, asione haya, akirudishe.