Milioni Moja na Moja

Sogeeni. Nawaambia mapema: hadithi hii sina mwisho wake, na atakayenidai mwisho nitamdai jibu.

Palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja. Kazija, kifunguamimba, alikuwa mkaidi. Akikaa mahali, hata siafu hawamwondoi. Mwanasiti, wa pili, alikuwa na jicho la kuona namba zinavyofuatana. Faki, kitindamimba, hakuamini hesabu mpaka aifanye mwenyewe.

Mji wao ulikuwa na kisima kimoja tu, na mtawala wao, Mwinyi Shebe, alikitamani. Akapiga mbiu asubuhi: "Namba yangu ni milioni moja na moja. Igaweni mafungu yaliyo sawa, kila fungu lizidi moja, pasibaki kitu. Mkiweza kabla ya jua kuzama, kisima chenu. Mkishindwa, mtachota kwa hisani yangu!"

Alijiamini, bwana. Alikuwa ameijaribu kwa mbili, kwa tatu, hadi mia, ikagoma. Na mji ule desturi yao hawagawi kitu mafungu zaidi ya mia, basi naye akaishia hapo.

Watu wakakata tamaa, wengine wakaanza kufunga mizigo wahame. Askari wa Mwinyi wakaja kukifunga kisima mapema, na kikishafungwa ndiyo kimekwenda. Kazija akaketi ukingoni.

"Dada, ondoka."

"Ondokeni nyinyi! Jua liko utosini, mna haraka ya nini?"

Wakamvuta, wakamtukana, wakachoka wao. Kisima kikabaki wazi.

Mwanasiti akachora mchangani. "Mbili mara mbili mara mbili, ongeza moja: tisa. Tatu inaigawa. Tatu mara tatu mara tatu, ongeza moja: ishirini na nane. Nne inaigawa. Nne nayo vivyo hivyo: sitini na tano, na tano inaigawa. Sasa milioni si mia mara mia mara mia? Jamani! Ni mia na moja!"

Mwinyi akacheka. "Unakisia tu, binti. Fungu moja lina ngapi?"

Mwanasiti hakujua. Faki akainama, akagawa, akakosea, akafuta, akaanza upya, jua likimchoma kisogo. Mwisho akasimama. "Mafungu mia na moja, kila fungu elfu tisa mia tisa na moja. Zidisha mwenyewe, Mwinyi, kama unaweza!"

Mwinyi akazidisha mbele ya watu. Haikupungua, haikuzidi. Vigelegele vikapasua anga.

Lakini pale kwao kisima hubeba jina la mtu mmoja aliyekiokoa. Mwinyi akauliza kwa kununa, "Haya, jina la nani? Jua likizama hamjakubaliana, nitakiita Shebe."

"Bila mimi kingeshafungwa," akasema Kazija.

"Bila mimi mngeishia mia, kama yeye," akasema Mwanasiti.

"Na bila mimi angewacheka mpaka kesho," akasema Faki.

Mbona mnanitazama? Mimi nimeshamaliza yangu. Jua ndilo hilo linashuka, na sikubali wajukuu zangu wanywe maji yenye jina la mnyang'anyi. Haya, semeni, na mseme jina moja tu: kisima kiitwe nani?