Ufunguo wa Korona

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mashine zilikuwa zimeshafika ila sheria ilikuwa bado njiani, kila kiwanda kilijiandikia kanuni zake ubaoni. Mwenye kiwanda akipenda anautundika ubao, asipopenda anautungua.

Katika kiwanda kimoja cha mkonge ilikuwepo korona, ile mashine inayokwangua majani mpaka zibaki nyuzi. Fundi Semkiwa aliitengenezea kifuniko cha chuma, akaandika ubaoni: Usilishe bila kifuniko. Lakini kifuniko kilichelewesha kazi, na desturi ya pale ilikuwa haondoki mtu mpaka lundo la siku liishe. Siku moja mawingu yakatanda, na msimamizi, Bwana Kilua, akakifungua. "Leo tu," alisema. Wakafurahi, wakawahi nyumbani. Kesho yake, leo tu. Wakafurahi, wakawahi nyumbani. Siku ya tatu, leo tu, na korona ikauchukua mkono wa kulia wa Mwanjaa, aliyekuwa akiilisha majani.

Mnaguna? Ngojeni kwanza.

Mwanjaa alipopona alikwenda bungeni kuomba kanuni za mashine ziwe sheria ya nchi nzima. "Kanuni ilikuwepo ukutani siku ile," aliwaambia. "Ilinitazama tu." Wabunge wakainamisha vichwa. Wenye viwanda wakasema ajali za mashine hazina dawa. Semkiwa akafika na kifuniko begani, akawaonyesha kuwa dawa ipo. Wenye viwanda wakasema, kama kipo, basi mama huyu alikifungua mwenyewe. Hapo sheria ilikuwa inakufa, nawaambia, inakufa watu wakiitazama. Ndipo akasimama Kilua, akijua huenda akalala jela.

"Nilikifungua mimi," alisema. "Na hakuwepo mtu mwenye uwezo wa kunikataza."

Sheria ikapita. Ikaagiza kila mashine iwe na kifuniko, na wafanyakazi wa kila kiwanda wamchague mwenzao mmoja ashike ufunguo wa kuiwashia na kuizimia. Huyo akiizima mashine, hata mwenye kiwanda haiwashi. Na asipochaguliwa, mashine haizunguki.

Kilua hakufungwa, aliondolewa usimamizi tu, akabaki mfanyakazi kama wengine. Wafanyakazi wakakusanyika. Ufunguo mmoja, wanaoutaka watatu.

Mwanjaa akasema, "Sheria hii imepita kwa gharama ya mkono wangu. Nani ataiogopa korona kama mimi?"

Semkiwa akasema, "Dada Mwanjaa, pole yako ni yetu sote. Lakini woga hauioni nati iliyolegea. Mimi naiona. Na mimi ndiye niliyeifunika korona kabla hamjalia."

Kilua akasema akitazama chini. "Nipeni mimi niliyekosa. Atakayekuja na maneno ya leo tu, nitamjua kabla hajafungua kinywa. Nyinyi wawili hamjawahi kuyasema."

Mwanjaa akageuza uso. Wafanyakazi nao wakaangaliana, maana hata wao hawakuwa safi: zile siku mbili waliwahi nyumbani, na hakuna aliyeuliza kifuniko kiko wapi. Mimi mwenyewe nimeisimulia hadithi hii miaka mingi na bado hainipi usingizi mzuri.

Sasa ufunguo uko mezani. Lundo la mkonge linaanza kunyauka nje, mawingu yanatanda tena, na hapo ndani hakuna mtu mwenye haki ya kuiwasha korona wala ya kuizima. Mngekuwa nyinyi, na kesho mwanenu ndiye wa kuilisha, je, ufunguo mngemkabidhi nani?