Aliyeanzisha Moto Wote

Ngano ipo mlangoni!
Ifungulieni!
Imekuja na njaa.
Tumeibakizia ukoko.

Zamani wanyama walikuwa wakiombana moto. Jiko lako likizimika, unakwenda kwa jirani na kigae, anakupa kaa. Jirani naye alilipata kwa jirani yake.

Fisi akaliwaza jambo hilo, akaona ulaji. Akamuuliza Digidigi moto wake kautoa wapi. Kwa Pimbi. Akamuuliza Pimbi. Kwa Kanga. Basi Fisi akatangaza kwamba kila kitu kina aliyekianzisha, na aliyeanzisha moto, nyasi na dunia nzima ni yeye. Kila chungu kikiiva, nusu yake.

Toko-toko-toko, chungu cha Digidigi kikaiva, Fisi akala nusu. Toko-toko-toko, chungu cha Pimbi kikaiva, Fisi akala nusu. Nusu ya Fisi ilikuwa ikiacha ukoko tu.

Siku ya tatu akafika kwa Mama Nguchiro, mdogo wa mwili, mwenye watoto wanne waliolala na njaa. Jikoni kulikuwa na chungu kimoja cha kunde.

"Na wewe, bwana mkubwa, nani alikuanzisha?"

"Mimi? Hakuna. Nilikuwapo tu."

"Kumbe kitu kinaweza kuwapo tu."

"Mimi peke yangu," Fisi akasema, akaonyesha meno.

Mama Nguchiro habishani na meno. Akamwomba asubiri kunde zilainike, akapanda kichuguu, akamwita Nyati. Tangu juzi Nyati alikuwa akimtafuta aliyewasha moto ulioteketeza malisho yake. Ndi-ndi-ndi, akafika, mkia umeungua.

"Kaka Nyati, mtu wako huyu hapa. Anasema moto wote kauanzisha yeye. Muulize Digidigi."

Nyati akainamisha pembe.

Fisi akarudi nyuma hatua mbili. "Kaka, moto mwingine hujiwakia tu. Hauna mwanzilishi."

"Na huu wa kunde zangu?" akauliza Mama Nguchiro.

Fisi akatazama chungu, akatazama pembe. "Nao umejiwakia."

"Na dunia?"

"Dunia mimi nimeikuta," Fisi akasema, akaondoka mbio.

Watoto wakala kunde, nusu zote mbili.

Ngano imeshiba, imetoka, mlango nimeufunga. Fundisho lake: msiwaulize wakubwa maswali. Kama dunia ilianzishwa au ilikuwapo tu, mimi sijui, nami nimeikuta. Lakini vyombo hivyo havikujichafua. Haya, inukeni mkavioshe.