Bakuli Lililofudikizwa Mlangoni

Sogeeni mbele, nafasi ipo, msikae mlangoni kama watu wenye safari. Na kina mama huko nyuma ya pazia, maneno ya leo yanawahusu na ninyi, basi zimeni hizo simu.

Nitawapa mfano wa paka. Naam, paka. Naona mzee wangu pale kwenye nguzo ameshaanza kutabasamu. Tabasamu tu, tutaonana mwisho. Na mfano huu nimeutunga mwenyewe juzi nikifua kanzu, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kunong'onezana huyo bibi ni nani na anakaa mtaa gani. Hayupo. Na kama yupo, basi si yule mnayemdhania.

Bibi mmoja, mtu mzima, alifiwa na mumewe akahamia kwenye nyumba ya kupanga, zile za vyumba vingi na ua mmoja. Watoto wake wameoa na kuolewa, wako mbali, salamu zao ni za simu. Alichobaki nacho ndani ni paka dume, mweupe, sharubu nyeusi, na jina akampa hilohilo, Sharubu. Msimcheke. Mtu aishiye peke yake akifungua mlango akasema "nimerudi", na pakawa na wa kumwitikia, basi huyo anayeitika si kitu kidogo. Bibi akiswali, Sharubu anakaa pembeni ya msala anangoja salamu itolewe. Bibi akila, Sharubu anakula. Na alichokuwa akimpa zaidi ni ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kwa sababu Sharubu alikuwa akiona ng'onda anasahau jina lake.

Ng'ambo ya ua alikaa jirani, mjane kama yeye. Walianza vizuri. Mwezi wa Ramadhani walikuwa na bakuli moja la bati, lenye maua mekundu, mali ya yule jirani. Likienda na mihogo linarudi na tambi. Likienda na tambi linarudi na kunde. Nani kati yenu anarudisha chombo cha watu kitupu? Hata kama hamna kitu ndani, mtu atatia japo ndimu.

Asubuhi moja jirani alitoka kufua, akamkuta Sharubu amechuchumaa ndani ya karai lake. Anajikamua. Halii kama paka mwenye njaa, analia kwa kukwaruza, na chini yake pana tone moja tu. Anatoka, anazunguka, anarudi kuchuchumaa. Jirani alisimama na nguo mkononi, akamtazama kwa muda mrefu mno. Kisha akainua macho, akamwona bibi mlangoni kwake.

"Shoga," akasema, "mtazame huyu paka wako. Usimwache hivi, atakufa."

Hayo tu. Bibi akambeba paka wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Ilipofika alasiri Sharubu anatapika, hataki chakula, tumbo gumu, haguswi. Na bibi amekaa naye kitandani, moyoni linamzunguka neno moja. Kajuaje?

Kajuaje kwamba atakufa? Asubuhi paka alikuwa anatembea. Mtu anamtazama paka anayetembea na kusema atakufa, kwa elimu gani, kama si yeye aliyemtilia kitu? Hapo ndipo dhana inapoanza kupanga samani zake ndani ya moyo wa mtu. Bibi akakumbuka siku jirani aliyolalamika kwamba Sharubu amechafua mkeka wake. Akakumbuka sumu ya panya aliyonunua jirani mwezi wa Shaabani, ambayo wakati ule walicheka pamoja kwa sababu panya waliila wakanenepa. Sasa haikuchekesha tena. Kila kitu kikapata maana mpya, na maana zote zikaelekea mlango mmoja.

Akamtia Sharubu kwenye kikapu cha ukili, akapanda bajaji, akampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Daktari," akasema hata kabla hajaketi, "amelishwa sumu."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, alimbonyeza paka tumbo kwa vidole. "Mama, hakulishwa kitu. Njia ya mkojo imeziba. Gusa hapa, kibofu kimekuwa kama ndimu. Paka dume njia yake ni nyembamba, vikiteremka vijiwe kidogo tu, basi. Sumu ipo, lakini ni mkojo wake mwenyewe, umekosa pa kutokea, unarudi kwenye damu. Tukingoja, hafiki kesho."

Sikilizeni hapo, nitaparudia. Hakuna kilichoingia. Kilichokuwa kinamuua ni kilichokataa kutoka.

Wakamtia mpira, wakamkojoza, kisha wakampasua, wakatoa chenga kama mchanga wa pwani. Bibi amekaa kwenye benchi la nje anavuta tasbihi, na machozi yanamtoka waziwazi, hajali nani anamwona. Alipokabidhiwa Sharubu, paka ana mshono tumboni na duara la plastiki shingoni asijilambe. Daktari akamwambia, ng'onda marufuku, samaki yeyote wa chumvi marufuku. "Na maji, mama. Anywe maji mengi. Asipokunywa, ataziba tena."

Bibi akaitikia. Lakini ndani ya bajaji akajiambia, daktari huyu ameona sumu akanyamaza, hataki kuitwa shahidi.

Mnaona? Ukishamhukumu mtu, hata daktari anakuwa amekula njama.

Alimuuguza, na haki yake tumpe. Alilala chini naye. Alimsaga kidonge, akamtilia mdomoni, akakwaruzwa hadi kiwikoni. Alitandika magazeti pembeni ya chumba, na Sharubu akichuchumaa, bibi anainamisha sikio, anangoja. Mkojo ukigonga gazeti, bibi anasema alhamdulillahi kwa sauti. Ndiyo, chekeni. Bibi alimshukuru Mungu kwa mkojo wa paka. Wewe ulipotoka chooni leo asubuhi, umesalimika, hukushikwa wala hukukamuliwa, ulisema nini? Au ulitoka unatafuta chaja ya simu?

Shida ikawa maji. Bibi alimwekea maji safi kwenye kikombe kipya, Sharubu anayanusa anayaacha. Anamsihi, anachovya kidole majini anamtia mdomoni, wapi. Hata hivyo paka anakojoa vizuri, na bibi hajui maji anayatoa wapi. Hadi asubuhi moja akamfumania dirishani, lile dirisha la kuelekea uani, kichwa na plastiki yake kimezama ndani ya chombo. Bakuli la bati, maua mekundu. Na ndani si maji safi. Ni maji ya ukungu, na juu yanaelea mafuta mafuta.

Bibi akamvuta Sharubu pembeni. Akalinyakua, akaenda kumwaga mtaroni. Kisha akavuka ua, na mbele ya mlango wa jirani akalifudikiza lile bakuli, mdomo chini, kitako juu, akaondoka. Nyinyi watu wa hapa mnajua maana yake: chakula chako sikitaki, ujirani umekwisha. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Sasa nawauliza. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua za kuhesabu. Alipofika pale na bakuli mkononi, angebisha akauliza, shoga, umemtilia nini paka wangu? Angepungukiwa nini? Lakini hakubisha. Aliwaambia wengine. Alimwambia muuza mkaa. Aliwaambia wenzake wa hitma. Alimpigia binti yake. Mtaa mzima ulijua kwamba yule mama analisha paka sumu, isipokuwa mtu mmoja. Na akisalimiwa na jirani, bibi anakohoa.

Kesho yake bakuli lipo tena dirishani, limejaa. Akamwaga, akafudikiza. Likarudi. Tazameni dhana ilivyo na akili. Jirani angeacha, bibi angesema, ameacha kwa kuwa nimemgundua. Hakuacha, bibi akasema, mwone alivyo na kiu ya kuua. Mtu wa namna hiyo utamridhisha kwa lipi?

Mwishowe akalifunga dirisha kwa komeo. Na kabla ya kulifunga akamimina maji ya siku ile kwenye chupa, ushahidi, akauweka juu ya kabati, na bakuli akalifudikiza kwa jirani mara ya mwisho.

Haukupita muda, Sharubu akaanza tena. Anachuchumaa, anajikamua, gazeti kavu. Ile sauti ya kukwaruza. Na nitawaambieni jambo baya, kwa sababu moyo wa mwanadamu ndivyo ulivyo. Pamoja na uchungu wote alioupata, bibi alifurahi kidogo. Alijiona yuko sahihi. Akachukua kikapu, akachukua na chupa.

"Daktari, leo nimekuja na ushahidi. Nusa mwenyewe. Hiki ndicho anachowekewa na jirani yangu."

Daktari hakunusa hata kidogo. Aliitazama chupa, akamtazama yeye.

"Huu ni mchuzi wa vichwa vya samaki, mama. Umechemshwa bila chumvi, ukaongezwa maji. Paka asiyependa maji matupu hunywa huu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Umemfundisha nani?"

"Huyo jirani yako. Alikuja hapa kuniuliza hali ya paka. Akasema wewe huitikii salamu yake, na hajui amekukosea nini." Daktari alikuwa tayari ameshika tumbo la Sharubu. "Lini alikunywa mara ya mwisho?"

Bibi akaitazama ile chupa. "Nimekuwa nikiyamwaga," akasema. "Kisha nikafunga dirisha."

"Basi mama, huyu mara hii umemziba wewe."

Wakamchukua ndani. Bibi akaambiwa aende nyumbani, kupona kwake hakuna wa kumhakikishia. Akarudi na kikapu kitupu, na ninavyojua mimi hakuna mzigo mzito kama kikapu kitupu. Alipoingia uani, bakuli liko pale pale alipolifudikiza. Akaliokota. Na safari hii akabisha.

Jirani akafungua. Akaona kikapu, akashika mdomo.

"Ulijuaje?" bibi akamuuliza. Ndilo neno lililokaa kifuani tangu siku ya karai. "Siku ile uani, ulijuaje kwamba atakufa?"

"Mume wangu," jirani akasema. "Alianza hivyo hivyo. Anaingia chooni, anatoka, anaingia. Nikimuuliza anasema ni baridi. Aliona haya kunieleza, na mimi nikaona haya kumlazimisha. Alipopelekwa hospitali figo zilikuwa zimekwisha. Sauti ile ya paka wako, shoga, mimi nimelala nayo chumba kimoja. Nilisema kwa pupa, najua. Niliogopa."

"Mbona hukuja kunieleza?"

"Ulifunga mlango. Na baadaye kila nikifungua wangu, nakuta bakuli langu limelala kifudifudi."

Bibi akalia. Akaanza kuomba radhi, kwa vipande vipande, na bakuli bado liko mkononi mwake, na ndipo alipoona kwamba hata leo, siku ya kuomba radhi, amelirudisha tupu. Jirani akalichukua. Hakungoja radhi imalizike.

"Lete," akasema. "Nina vichwa vya samaki changu jikoni. Daktari akituruhusu tumpelekee, atakuwa na kiu."

 Sasa hamcheki tena.

Najua mnachotaka kuniuliza. Paka alipona? Alipona. Alipasuliwa tena, njia ikapanuliwa, akarudi, na madirisha yote mawili, la bibi na la jirani, ni yake. Lakini tazameni, mmeniuliza habari za paka. Hakuna aliyeuliza habari za yule bibi, na mgonjwa wa mfano huu ni yeye. Kutoka ng'ambo ya ua aliambiwa neno moja la heri. Neno hilo halikumdhuru. Kilichomdhuru ni swali, swali dogo, "ulijuaje", lililokosa pa kutokea. Likageuka ndani, likaingia kwenye damu, akawa analala nalo na kuamka nalo, hadi akamnyima maji kiumbe anayempenda kuliko wote, huku akiamini kwamba anamlinda.

Na sisi je? Sisi tumekaa humu na udhu, na vifuani mwetu mna maswali ya mwaka jana. Kwa nini hakuja kwenye msiba wangu? Kwa nini alicheka nilipopita? Tumemuuliza muuza mkaa, tumemuuliza mke, tumemuuliza kila mtu isipokuwa mwenyewe. Wangapi wametuwekea bakuli dirishani, tukaona mafuta yanayoelea juu, tukamwaga? Paka akiziba yupo daktari wa kumfungulia kwa kisu. Wewe njia yako ni mdomo, na mlango wa kubisha unaujua.

Mimi nasimama mbele hapa, nawaona. Msikitini humu kuna watu wawili, mmoja akiingia anatafuta kwanza mwenzake amekaa wapi, ili yeye akakae mbali. Siwataji. Nikiwataja nitakuwa nimewapa wengine la kunong'ona njiani. Wenyewe wanajijua, na sasa hivi kila mmoja ameinamisha macho.

Haya, simameni tupange safu. Muadhini, usikimu kwanza. Tuwape muda kidogo wasogeleane.